Gonga Polepole, Sema Gesi

Ujumbe uliingia nikiwa nimekaa ngazini nachambua maharage. Simu yangu huwa naiweka mfukoni mwa gauni, na ikitetemeka hunishtua kama mdudu aliyeingia nguoni. Niliitoa, nikainyoosha mbali na macho, nikaona maneno mengi yamebanana kama dagaa kwenye kopo. Nikaamua kumpelekea Fundi.

Fundi ni mwanamke anayetengeneza simu kwenye kibanda kilichoegemea ukuta wa nyumba yangu. Ana ulimi wa pilipili. Lakini kila asubuhi, kabla hajafungua kibanda chake, hunifagilia ngazi zangu, na nikimshukuru husema alikuwa anatafuta skrubu iliyomdondoka.

"Bibi, umeanza kupikia gesi kimya kimya?" aliniuliza huku macho yake yakipita kwenye kioo. "Na kila siku unanihubiria kwamba chai ya gesi haina ladha."

"Mimi na gesi wapi na wapi. Hebu nisomee."

Akasoma. Kampuni ya gesi ilikuwa inamjulisha mteja wake mpendwa kwamba mfumo wake umeingiliwa na watu wasiojulikana, na baadhi ya taarifa za wateja zimechukuliwa. Kampuni inasikitika sana. Mteja hatakiwi kufanya chochote kwa sasa.

"Wamekosea namba hawa," alisema Fundi akinirudishia simu. "Rudi kwenye maharage yako."

Sikuipokea.

"Hawajakosea," nikamwambia. "Hiyo ni gesi ya Kitinda."

Kitinda ni binti yangu wa mwisho. Jina alipewa na kaka zake kwa utani, kwa kuwa ni kitindamimba, likamganda. Alitoka kwa mumewe na mtoto mgongoni na mkono mmoja umefungwa bendeji. Mumewe aliubana ule mkono kwenye mlango, akaufungua mlango, kisha akaufunga tena. Mara ya kwanza alikimbilia kwa dada yake, mume akamfuata. Mara ya pili alikimbilia kwa rafiki yake, akamfuata huko nako, na yule rafiki mpaka leo hatusalimii. Polisi waliandika maelezo yetu, wakasema akija tena tuwapigie.

Mara ya tatu tukamficha vizuri. Nilimtafutia chumba upande mwingine kabisa wa jiji, nyuma ya kiwanda cha sabuni. Alipata kazi kwenye chumba cha kufulia cha hospitali. Alinunua laini mpya, na namba ile nilikuwa nayo mimi peke yangu, ndani ya simu yangu.

Sasa kampuni ya gesi haimpelekei mtu mtungi bila namba ya simu. Kitinda aliilinda namba yake mpya kama yai. Walipomwuliza, akawapa yangu, na jina langu pia. Akaniambia siku ile ile, "Mama, nimewapa yako, yangu sitaki iandikwe popote." Nikamwambia umefanya vizuri, mwanangu. Tulijiona wajanja sana.

Tangu hapo mtungi ukienda kwake, ujumbe huja kwangu. Mpelekaji akifika hunipigia mimi: "Mama, niko mlangoni kwa binti." Nami humpigia Kitinda kumwambia ni gesi kweli, afungue. Sijawahi kumwona yule mpelekaji, lakini nilishaijua sauti yake, sauti ya mtu mzima mwenye kikohozi. Hunisalimu kila mara kama mtu aliyekaa nami meza moja. Na mimi nilifurahia zile siku za gesi. Nilijua kwamba kwa binti yangu sufuria iko jikoni.

Tatizo ni kwamba namba yangu haijabadilika tangu ninunue simu yangu ya kwanza, na mkwe wangu anaijua kwa kichwa. Wakati wa uchumba aliitaja mbele ya wageni, halafu akaitaja kinyumenyume, watu wakampigia makofi. Nami nilipiga. Mpaka leo hunipigia kila wiki kuniuliza mgongo wangu unaendeleaje. Hamtaji Kitinda hata siku moja.

Fundi hakunichelewesha kwa maswali. Alishusha nusu ya pazia la bati la kibanda, akanivutia stuli.

"Hilo faili la wateja limeshazagaa," alisema. "Liko kwenye magrupu tangu jana jioni. Mimi sikulifungua. Kulifungua ni kama kuchungulia vyumba vya watu."

"Lifungue."

"Bibi."

"Lifungue, mwanangu. Nijue kilichomo."

Aliandika namba yangu. Likatoka jina langu, likatoka tarehe ya mtungi wa mwisho, na chini yake palikuwa na sehemu iitwayo maelekezo kwa mpelekaji. Mitaa ile haina namba za nyumba, kwa hiyo wapelekaji huandikiana njia kwa maneno, ili mmoja akiumwa mwenzake asipotee. Fundi alisoma taratibu, na kadiri alivyosoma sauti yake ilishuka.

"Nyuma ya kiwanda cha sabuni, geti la kijani lililopinda. Mlango wa mwisho kushoto, pazia la maua. Ni mama na mtoto mdogo wa kike, hakuna mwanaume. Peleka jioni, mchana yuko kazini, mtoto anabaki kwa mama mshonaji mlango wa kwanza. Usigonge kwa nguvu, huyu mama anashtuka. Gonga polepole, sema gesi, atafungua. Muingizie mtungi mpaka ndani, mkono wake mmoja hauna nguvu."

Nje mtu aligonga bati akauliza kama kibanda kimefungwa. Fundi akamjibu aende zake.

Nilifikiria mtu aliyeyaandika yale. Alikuwa amemwangalia binti yangu vizuri kuliko wengi wanaomwita ndugu. Aliona kwamba anashtuka, akaona mkono wake, akataka hata atakayekuja siku nyingine aje kwa upole. Hakuna sentensi mle ambayo haikuwa wema. Na ukiziunganisha zote, mtu mbaya hahitaji kingine. Ameelekezwa mlango. Ameambiwa hakuna mwanaume ndani, na ameambiwa aseme nini ili afunguliwe.

"Mpigie sasa hivi," alisema Fundi.

Nilipiga. Simu iliita mpaka ikakata. Kule kufulia wanaacha simu kwenye makabati mpaka zamu iishe, kwa sababu ya mvuke na mashine. Nikapiga tena, na tena. Fundi alitafuta namba ya hospitali, tukapokelewa na mashine iliyotuambia tubonyeze moja, tubonyeze mbili, kisha ikatupigia muziki. Polisi walisema watatuma mtu akipatikana.

Nikapiga huduma kwa wateja ya kampuni ya gesi. Alipokea msichana mwenye sauti ya kusoma.

"Nataka mfute taarifa zangu," nikamwambia. "Zote. Na ile njia ya kwenda nyumbani. Sasa hivi nikiwa nasikia."

"Mama, naweza kutuma ombi lako, litashughulikiwa ndani ya..."

"Mwanangu, huko nyuma ya kiwanda cha sabuni anakaa binti yangu. Kuna mtu akiisoma ile njia atamuumiza. Alishamuumiza."

Nilisikia wenzake wakiongea nyuma yake, wote maneno yale yale, samahani sana, tunasikitika sana. Aliposema tena, sauti yake ilikuwa ya mtu wa kawaida, na alikuwa ameusogeza mdomo karibu.

"Nimefuta, mama. Nimefuta mwenyewe. Lakini imefutika huku kwetu tu."

"Na huko nje?"

"Huko nje hakuna anayeweza kufuta." Akapumua. "Tumeambiwa tuwaambie hakuna cha kufanya. Mimi nakwambia muondoeni hapo. Leo."

Nilimshukuru. Najua alikuwa anahatarisha kibarua chake, na sikupata hata nafasi ya kumwuliza jina, kwa sababu simu ililia humo humo mkononi. Nilidhani ni Kitinda.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Hujambo?"

"Sijambo kabisa. Mgongo vipi?"

"Unauma uma tu."

"Pole. Basi usibebe mitungi, mama. Ile ni mizito kwa mtu wa umri wako." Alicheka kidogo, kicheko kizuri, kile kile kilichotuvutia sote siku alipokuja kujitambulisha. "Nasikia umehamia gesi. Halafu unaletewa mbali. Hiyo harufu ya sabuni haikukeri?"

Fundi alikuwa amesogea mpaka shavu lake likawa karibu na langu. Niliona mishipa ya shingo yake imesimama. Mimi nimelea watoto watano na kuuguza mume, na najua kwamba ukiwa na hofu lazima mdomo uendelee na kazi yake. Nikasema kitu cha kwanza kilichokuja.

"Baba, pale ameshatoka."

Kicheko kikamwisha.

"Ametoka lini?"

"Siku nyingi. Mwenye nyumba alikitaka chumba chake. Ile gesi walikuwa hawajabadilisha maelezo."

"Yuko wapi?"

"Hayo siyo mambo ya kwenye simu. Njoo nyumbani. Nimechoka, baba. Mtoto anamwulizia baba yake kila siku, mimi nitajibu nini?"

Mtoto hamwulizii. Akisikia viatu vizito nje, huingia chini ya kitanda.

"Nakuja, mama," alisema polepole. "Usiende popote."

Akakata. Kazini kwake na kwangu ni karibu. Kwangu na kiwanda cha sabuni ni safari. Nilichonunua ni muda tu, na sikujua ni muda kiasi gani.

"Tufanye haraka," alisema Fundi. "Nani yuko karibu na Kitinda?"

Sikuwa na mtu. Kumficha mtu vizuri maana yake ndiyo hiyo, asiwe na mtu karibu. Halafu nikaikumbuka ile sauti yenye kikohozi.

"Mpelekaji," nikasema. "Anazunguka kule kutwa nzima."

"Unamwamini?"

"Umesoma alichoandika."

Fundi hakuniruhusu kupiga kwa simu yangu. Alinakili namba kutoka kwenye ujumbe wa zamani, akapiga kwa yake, akanipa. Nilimweleza yule mzee kwa maneno machache. Kwanza alidhani namlalamikia kuhusu mtungi. Kisha akaelewa.

"Mimi niliandika ili wasimtishe," alisema. "Mama, mimi niliandika ili kijana mwingine akija asimbamizie mlango."

"Najua, baba. Najua kabisa. Nisaidie sasa."

"Niambie."

"Mchukue mtoto kwa mshonaji. Nenda naye hospitali, kwenye mlango wa wafuaji. Kuna mwanamke atakukuta hapo, fundi wa simu, yeye atamtoa binti yangu. Kisha muwapeleke mbali."

"Nina mahali."

"Usiniambie."

"Nilikuwa sitaki kukwambia," alisema, akakohoa, akakata.

Fundi alikuwa ameshavaa viatu. Akanyoosha mkono. "Lete simu yako. Akija hapa ataishika."

"Ataishika ya nini? Ana adabu mbele yangu."

"Bibi, mtu aliyefunga mlango mara mbili." Hakumalizia. "Namba mpya ya Kitinda iko humu. Umeishika kichwani?"

"Hapana."

"Umeiandika popote?"

"Hapana. Yeye ndiye aliyekataza."

Tulitazamana. Macho yake yalikuwa yamelowa, na Fundi si mtu wa kulia, hata alipofiwa alilia akiwa amegeukia ukuta. Nikampa simu. Alifuta namba, akafuta zile simu nilizopiga, akafuta na ujumbe wa gesi. Ilikuwa kazi ya kidole kimoja. Akanirudishia kama mtu anayemrudisha mtoto aliyelala.

"Nimesaza ya kwangu na za hao wanao wengine. Wewe usiiguse tena," alisema. Akaondoka mbio, kibanda kikiwa wazi, vifaa vyake vyote mezani.

Niliingia ndani nikatafuta mkaa wenye unyevu. Ulikuwepo, chini kabisa ya gunia, pale mvua ilipopenya. Niliujaza kwenye jiko, nikaweka birika pembeni. Chai ya mkaa wa namna ile inaweza kuchukua mchana mzima, nami nilitaka achelewe hivyo hivyo.

Mkwe wangu hajawahi kuja kwangu mikono mitupu. Alikuja na mfuko wa machungwa na shati lililopigwa pasi. Alivua viatu mlangoni, akaniinamia, akaniuliza mgongo tena. Mtu angepita nje angesema mama yule ana bahati ya mkwe.

"Keti, baba. Nakuwekea chai."

"Tuzungumze kwanza."

"Nani anazungumza na koo kavu? Keti."

Nilichuchumaa nikapepea lile jiko. Moshi ukajaa mpaka machozi yakanitoka, na yalikuwa yananisubiri hata hivyo. Nilipepea vibaya makusudi, mara huku mara kule. Alinitazama kwa muda, kisha akakunja mikono ya shati.

"Mama, niachie. Utaumia."

Akachuchumaa yeye. Akapanga upya ule mkaa, mkavu kidogo kidogo chini, mbichi juu, akapepea kwa mfuniko wa sufuria kwa mkono uliotulia. Moto ukashika. Nilisimama pale nikiuangalia unavyoshika, mwekundu, mzuri, na nikautamani uzime kuliko nilivyowahi kutamani kitu. Ule mkono unaweza kumpepelea mama mkwe moto bila kuchoka. Nililijua hilo siku zote. Ndilo lililotufanya tuchelewe kumwelewa.

Chai ikaiva mapema. Nikamimina polepole. Nikamwuliza habari za mama yake, za dada zake, za yule mjomba mwenye sukari. Alijibu kwa ufupi, kwa adabu, macho yake kwenye simu yangu iliyokuwa juu ya meza. Mwisho akanyoosha mkono akaichukua, bila haraka, kama mtu anayechukua sukari.

"Naangalia saa tu," alisema.

Alikaa na ile saa muda mrefu. Kidole kilishuka, kikapanda. Nilihesabu maua ya kitambaa cha meza. Aliiweka chini uso wake ukiwa umebadilika rangi.

"Hayupo humu."

"Nani?"

"Mama, niambie alipo. Umesema utaniambia."

Nikaanza kumsimulia habari za mwenye nyumba. Nikamfanya mwenye nyumba mlevi, kisha nikakumbuka nimeshasema alikitaka chumba chake, nikamfanya mlevi anayeoa. Nikasema Kitinda amehamia upande wa stendi kuu, kwenye nyumba ya ghorofa yenye duka la vioo chini.

"Ghorofa ya ngapi?"

"Ya... ya juu."

"Ngazi ziko mbele au nyuma?"

Niliangalia chai. Sijazoea kujenga nyumba kwa mdomo. Nilichelewa kwa pumzi moja tu, na pumzi hiyo ilimtosha. Akatabasamu, tena kwa upole, kama mtu aliyemkamata mtoto na sukari mdomoni.

"Mama, wewe hujui kudanganya," alisema akisimama. "Ndiyo maana nakupenda."

Nilimshika mkono wa shati. Sikujua kwamba ningefanya hivyo. Nilimwomba kwa kila kitu, kwa chai yangu aliyokunywa, kwa mtoto wake, nikamwambia kaa, baba, kaa kidogo tu, nitakuambia kweli. Alivitoa vidole vyangu kimoja kimoja, bila kuniumiza. Akavaa viatu. Nilimsikia akisimamisha pikipiki barabarani na kutaja kiwanda cha sabuni.

Sikuwa na mtu wa kumpigia. Ningempigia Fundi, lakini alisema nisiguse simu, na mkwe wangu angeweza kurudi aipekue. Nilitoka nikakaa ngazini. Wateja walikuja kwenye kibanda cha Fundi, nikawaambia amepata dharura. Mmoja, mwanamke aliyekuja kuchukua simu ya mwanawe, alinitazama usoni, akaingia kwangu bila kuuliza, akaniletea kikombe cha maji, akakaa nami mpaka nilipokimaliza. Sikumwambia kitu. Nilikuwa namwona Kitinda tu. Zamu imeisha, amerudi chumbani, amevua viatu, anasikia mtu anagonga polepole.

Jua lilikuwa limeshuka nyuma ya mapaa Fundi aliporudi. Alikuja akitembea, na kwa namna alivyotembea nikajua hakuleta msiba.

"Wameondoka," alisema. "Wote wawili."

Akakaa ngazini kando yangu, akanieleza. Msimamizi wa wafuaji, mwanamke asiyecheka, alikataa kumtoa mfanyakazi katikati ya zamu mpaka Fundi alipomwambia neno mume. Hakuuliza la pili. Alimtoa Kitinda kwa mlango wa nyuma, akavua koti lake mwenyewe akamvisha juu ya nguo za kazi. Yule mpelekaji alikuwa ameshafika na pikipiki yake ya magurudumu matatu. Mjukuu wangu alikuwa amekaa katikati ya mitungi, kofia ngumu ya mzee imemfika puani, akila ndizi.

"Mzee amevua shati la kampuni," alisema Fundi. "Na simu ya kazi ameiacha kwa yule mshonaji. Anasema ile simu inaandika kila anapokanyaga."

"Atafukuzwa."

"Nilimwambia. Akasema basi afukuzwe."

"Na Kitinda?"

"Alitoa laini kwenye simu, akaivunja hapo hapo, mbele yangu. Akaniambia nikwambie..." Fundi aliifuta pua kwa kiganja. "Hakumalizia, bibi. Alinishika mkono. Kwa ule mkono usio na nguvu. Akaubana."

"Wamekwenda wapi?"

"Sikuuliza. Hata njia waliyoingia nilitazama pembeni."

Nikasema amefanya vizuri. Nilisema hivyo mara nyingi.

Tulikuwa bado tumekaa pale mkwe wangu aliporudi. Shati lilikuwa limelowa jasho, na ngumi yake ya kulia ilikuwa imechubuka. Baadaye tulisikia kwa mshonaji kwamba aligonga polepole, akasema gesi, akarudia kusema gesi, kisha akaacha kugonga polepole. Mlango ule haupo tena. Fundi alisimama na bisibisi mkononi, ile ndefu, akasimama tu kando yangu bila neno. Majirani wawili walitoka wakaegemea milango yao.

Hakuwajali. Alinichuchumalia mbele, uso wake karibu na wangu, na safari hii hakunisalimu.

"Yuko wapi?"

"Sijui, baba."

"Mama."

"Sijui. Sijui aliko, sijui namba yake, sijui nani anajua."

Alinitazama machoni kwa muda mrefu. Yeye ndiye aliyesema sijui kudanganya, na sasa alikuwa anautafuta uongo usoni kwangu, na haukuwepo. Niliona alipokata tamaa ya kuupata. Mabega yalimshuka. Midomo yake ilikuwa imekauka na kupasuka kwa vumbi la njiani, nikamwomba Fundi ampe maji. Fundi alinitazama kana kwamba nimerukwa na akili. Lakini aliyaleta. Mkwe wangu alikunywa yote, akaweka kikombe ngazini, akaondoka kwa miguu kuelekea barabarani, na polisi waliokuwa wamepigiwa tangu mchana walikuwa hawajafika hata hatua zake zilipopotea.

"Unaogopa atarudi?" Fundi aliniuliza.

Nilimwambia atarudi, hilo nalijua. Lakini sikuwa nawaza hilo. Nilikuwa nawaza kama huko waliko kuna blanketi, na kama mtoto amekula kitu kingine baada ya ile ndizi, na kwamba sina pa kuuliza.

Fundi aliingia ndani, nikamsikia akiwasha jiko, akilitukana, akipepea. Akaniletea chai, mbaya, ya moshi mtupu, akakaa karibu yangu, bega kwa bega, mpaka nilipoweza kuinywa.